Mbona Papa Shirandula hanichekeshi tena?

Wiki jana nilikuwa kwa kinyozi hapa Kanduyi na kwenye TV kulikuwa na kipindi cha zamani cha Papa Shirandula. Wazee wawili waliokuwa wakingoja zamu walicheka hata kabla Papa hajafungua mdomo. Mimi na kijana aliyekuwa akininyoa tulitazamana tu kwenye kioo.

Ilinisumbua, kwa sababu hicho kipindi nilikipenda sana. Kilianza Citizen TV mwaka wa 2007, nikiwa mdogo, na tulikuwa tunajazana kwa jirani kukitazama. Marehemu Charles Bukeko ndiye aliyekibuni na ndiye aliyekuwa Papa mwenyewe: soja wa getini anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi anayofanya, ili aonekane bwana wa ofisi.

Huo ulikuwa uandishi mtamu, wacha niseme. Huku kwetu kila boma lina mjomba anayetoka Nairobi Desemba amevaa koti na kubeba mikate, na hakuna anayejua hasa anafanya kazi gani huko. Tulicheka kwa sababu tulimjua.

Lakini siri ya aina hiyo haiwezi kubeba kipindi miaka 13. Papa anakaribia kufumaniwa, anaponea, na wiki ijayo tunarudi palepale. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mzigo wa kuchekesha ulihamia kwenye matamshi. Njoroge na lafudhi ya Kikikuyu, Otoyo na ya Kijaluo, Papa na Awinja na ile yetu ya Kiluhya. Mtu akisema "kari" badala ya "gari", watu chini.

Si wao walioanza. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yaani marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu na alichekesha nchi nzima kwa lafudhi ya Kijaluo. Ila lafudhi ukiisikia kila wiki, kuna siku unaanza kujiuliza anayechekwa ni nani.

Mimi siku hiyo ilinifikia chuoni Nairobi. Wiki ya kwanza tu nilishabatizwa Papa. Nikijibu swali darasani, kuna msee huko nyuma anarudia maneno yangu kwa sauti nzito na darasa linaangua kicheko. Kwetu Bukusu papa ni baba tu, si kichekesho. Nikaanza kuongea polepole, nachunga "g" isigeuke "k". Nikirudi likizo na kukuta kipindi kinaendelea, sikuweza kucheka kama zamani.

Mwaka wa pili karo ilikataa, nikaacha masomo. Kwa miezi saba nilimwambia mama kwa simu kwamba mitihani inaendelea vizuri, na mimi niko mjengo nabeba mawe. Asubuhi natoka na begi la vitabu mgongoni ili hata majirani wasijue. Ndani mlikuwa na overoli.

Sasa niambie, hiyo si hadithi ya Papa? Ndiyo maana naudhika kidogo. Waandishi walikuwa na kitu kizito mkononi, aibu ya mwanamume na kazi yake, wakakiweka kando wakatafuta kicheko cha haraka. Leo kicheko hicho kimejaa TikTok, dakika moja, bure, na kijana aliyeninyoa anacho mfukoni. Kwa nini akitafute kwenye TV?

Bukeko alituacha Julai 18, 2020, na simlaumu peke yake. Kuchekesha watu kila wiki miaka yote hiyo si mchezo, na mashabiki ndio waliokuwa wakidai lafudhi.

Mama bado hutazama vile vipindi vya kale akivipata. Huketi naye. Papa akianza kudanganya kuhusu ofisi, nacheka kweli. Wakianza mambo ya matamshi, naenda jikoni kuangalia chai.