Uchochoro wa Virusi vya Influenza

Kirusi cha influenza, kinacholeta homa kali ya mafua, hushambulia seli za njia ya hewa. Hujishika kwenye seli kwa protini iitwayo hemaglutinini, huingia ndani na kuachia vinasaba vyake, vipande 8 vya RNA. Seli hulazimika kutengeneza virusi vipya, navyo huchomoza kwenye utando wake. Hapo kimeng'enya cha neuraminidasi hukata sukari zinazovinasa, vikaenda kutafuta seli nyingine.

Safari hiyo ya nje ina hatari zake. Kingamwili huvidaka virusi njiani, na dawa ya oseltamivir huzuia neuraminidasi, vikabaki vimenasa palepale vilipochomoza.

Lakini upo uchochoro. Tafiti za maabara, zikiwemo zilizochapishwa mwaka 2015 na 2017, zilionyesha kwamba seli iliyoambukizwa huweza kuungana na jirani yake kwa vijirija vyembamba mno vyenye nyuzi za aktini, protini ileile inayosaidia kuipa seli umbo. Vinasaba na protini za kirusi hupenya humo bila hata kirusi kamili kuundwa. Seli ya pili huambukizwa ingawa kingamwili au oseltamivir ipo. Nyuzi za aktini zikivurugwa kwa kemikali, upenyaji hupungua.

Hilo haliondoi thamani ya chanjo wala dawa. Vijirija huunganisha seli za mwili mmoja tu. Kumfikia mtu mwingine, kirusi bado hakina budi kutoka nje, kwa kikohozi au chafya.