Gari la Kukodi: Tulipokee Uwanjani, Kituoni au Mlangoni?

Kila ikaribiapo likizo ya Desemba, na kila uingiapo msimu wa harusi, sisi wakazi wa Changamwe huwa wa kwanza kuwaona wageni wa Pwani. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi umo Port Reitz, ndani ya mipaka yetu. Kituo cha reli ya SGR kiko Miritini, jirani yetu. Na barabara kuu ya Nairobi yapita kati ya mitaa yetu. Jamaa watokao Maskati, London au Nairobi hupita mlangoni petu kabla ya kufika Mji wa Kale, Kisauni, Likoni au Ukunda. Wengi wao siku hizi hupendelea kukodi gari, kwa kuwa familia yenye wazee, watoto na masanduku haienei katika teksi moja, wala haipendezi kumtegemea jirani kila siku.

Swali la wapi gari lipokewe laonekana dogo, na mara nyingi huachiwa kijana mmoja alimalize kwa simu usiku wa kuamkia safari. Hata hivyo, ndani yake mna usalama wa watoto, fedha za nyumba na uaminifu baina ya watu wawili wasiojuana. Tumeona ni vyema tulizungumze kwa utulivu kabla wageni hawajafika.

Safari yaelekea wapi?

Jambo la kwanza si bei, bali ni njia. Mombasa ni kisiwa, na aliyeshuka Port Reitz yuko bara ya magharibi. Akiwa aenda Nyali, Kisauni, Mtwapa au Malindi, mara nyingi atapita Makupa, aingie kisiwani, kisha atoke kwa daraja la Nyali. Kwake yeye, kulipokea gari mjini hakumpotezi njia, kwani mji uko mbele yake.

Aendaye Ukunda, Diani, Msambweni au Lunga Lunga yuko katika hali nyingine. Zamani hakuwa na budi kuingia mjini na kungoja feri ya Likoni. Sasa barabara ya Dongo Kundu yamchukua kutoka upande wa Miritini, juu ya madaraja ya Mwache na Mteza, hadi barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, bila kukanyaga kisiwa wala kungoja feri. Mtu huyo akilifuata gari lake katikati ya mji, atakuwa ameipa mgongo safari yake mwenyewe. Uwanjani au Miritini ndipo pake.

Na ikiwa lazima kuvuka kwa feri, tusisahau msiba wa tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee na kuzama na mama na mwanawe. Mwenyezi Mungu awarehemu. Dereva mgeni na gari asilolizoea avute breki ya mkono barabara, aliache gari katika gia au alama ya kuegesha, na awateremshe watoto na wazee wavuke kwa miguu pamoja na mtu mzima.

Kwa wale waendao Lamu, tuseme wazi: gari halifiki mjini Lamu. Huishia Mokowe, na watu huendelea kwa boti. Familia itakayokaa harusini siku nne italipia siku nne za gari lililosimama gatini. Pengine basi au ndege itawafaa zaidi, na gari likodiwe kwa siku za Mombasa tu. Kabla ya kuamua, muulizeni mwenye gari kama analiruhusu kwenda huko, na muulizeni jamaa aliye Lamu hali ya njia.

Nani atakayeshika usukani?

Ndugu zetu wa Oman na nchi nyingine za Ghuba huendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wao uko kushoto. Sisi huendesha kushoto, na usukani wetu uko kulia. Aliyetoka London hatapata taabu hiyo, kwa sababu Uingereza nao huendesha kushoto. Lakini aliyetoka Maskati, amekosa usingizi, watoto wanalia nyuma, akatoka uwanjani usiku na kukutana na malori ya bandari katika mzunguko wa Changamwe, huyo amejitia katika mtihani mzito. Mkono wake utatafuta gia mahali isipo, na jicho lake litaangalia upande usiokuja gari.

Kwa mgeni wa namna hii, ushauri wetu ni kwamba asilipokee gari uwanjani. Aje na teksi au apokewe na jamaa, alale, aswali, apate kifungua kinywa, kisha gari aletewe mlangoni mchana. Aanze kwa mwendo mfupi ndani ya mtaa, akiwa na mwenyeji kando yake. Ikiwa siku zake ni chache, akodi gari pamoja na dereva. Hakuna aibu katika hilo. Mgeni ni mgeni hata akiwa na macho makubwa.

Mambo ni hayo hayo kwa treni ya usiku itokayo Nairobi, ambayo hufika Miritini kabla ya alfajiri. Mama aliye peke yake na watoto hapaswi kukutana na mtu asiyemjua katika eneo la maegesho saa hizo ili akague gari kwa tochi ya simu. Ama apange gari lifike kukipambazuka, ama apokewe na jamaa, na makabidhiano yafanyike nyumbani mbele ya watu. Gari likiletwa nyumbani, jina la anayelileta na namba ya gari vijulikane kabla hajapiga hodi, na kaka, mume au jirani mwaminifu awepo.

Hesabu ya mfukoni

Wengi huamini kwamba gari la uwanjani ni ghali na la mjini ni rahisi. Huenda ikawa kweli, huenda isiwe. Kinachoamua ni idadi ya siku. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Tuseme uwanjani bei ni shilingi 6,000 kwa siku pamoja na ada ya 1,500 ya kukabidhiwa hapo, na mjini bei ni shilingi 5,000 kwa siku. Familia ni ya watu sita na masanduku yao, hivyo yahitaji teksi mbili za shilingi 1,500 kila moja kwenda mjini, na mbili nyingine siku ya kurudi. Hizo ni shilingi 6,000 za teksi.

Kwa siku tatu, uwanjani ni shilingi 19,500, na mjini ni 21,000. Lililodhaniwa rahisi limekuwa ghali. Kwa siku kumi, uwanjani ni shilingi 61,500, na mjini ni 56,000. Hapo mji umeokoa shilingi 5,500. Kila familia iweke bei ilizopewa mahali pa hizi zetu, itapata jibu lake.

Katika hesabu hiyo yaingizwe na mambo yaliyofichama. Je, siku moja ni saa 24 tangu kukabidhiwa, au huhesabiwa kwa tarehe? Akipokea saa tano za usiku, asije akalipia siku nzima kwa saa moja. Je, kilomita zina mpaka? Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, na kurudi ni nyingine kama hizo. Je, mafuta yarudi kiasi gani? Je, kupokea Port Reitz na kurudisha Ukunda kuna malipo ya ziada? Na amana ya fedha itarudishwa lini, na kwa njia gani?

Mkataba kabla ya ufunguo

Mashekhe wetu hutufundisha katika mlango wa ijara kwamba kinachokodiwa kijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane, ili pasiwe na utata utakaozaa ugomvi. Hufundisha pia kwamba kitu kilichokodiwa ni amana mkononi mwa aliyekikodi, na kwamba atawajibika akizembea au akivuka mpaka wa walichokubaliana. Wazee nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafunzo hayo yatosha kutuongoza popote tulipokeapo gari.

Kampuni nyingi huweka katika mkataba kiasi ambacho mkodi hulipa likitokea jambo, hata kama bima ipo. Kiasi hicho kisomwe na kieleweke kabla ya kutia sahihi. Bima yenyewe iangaliwe ni ya aina gani. Lipo jambo linalotia hofu mitaani: mtu hukodisha gari lake la nyumbani kwa bei nafuu, nalo lina bima ya matumizi binafsi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa kwa kuwa gari lilikuwa likifanya biashara. Unafuu wa shilingi 1,000 kwa siku hauwezi kulipa hospitali ya mtoto. Ulizeni moja kwa moja: bima hii inaruhusu kukodisha? Nionyeshe cheti.

Anayekusudia kuvuka mpaka wa Lunga Lunga kwenda Tanga aseme mapema. Atahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na bima inayotambulika upande wa pili, ile ya kadi ya njano ya COMESA. Kukumbuka haya akiwa amekwisha fika Horohoro ni kuchelewa.

Iwe uwanjani, kituoni au mlangoni, makabidhiano yafanyike penye mwanga. Lizungukeni gari na kupiga picha kila mkwaruzo, kioo, magurudumu na kipimo cha mafuta. Jaribuni taa, breki, honi na viyoyozi. Angalieni kama kila kiti kina mkanda unaofunga, kama gurudumu la akiba lina upepo, na kama jeki ipo. Mwenye mtoto mchanga aulize kiti cha mtoto siku kadhaa kabla, maana hakipatikani kila mahali. Wakati wa kurudisha, fanyeni vivyo hivyo, na msiondoke bila risiti. Anayerudisha gari siku ya kusafiri ajipe muda wa kutosha, kwani foleni ya Changamwe haijui saa ya ndege.

Basi tufupishe kwa faida ya wale wataolisoma hili huku simu ikilia. Safari ya kusini, dereva aliyepumzika na siku chache: uwanjani au Miritini. Safari ya kaskazini na siku nyingi: mjini. Mgeni wa Ghuba, mama peke yake, au yeyote afikaye usiku: mlangoni, mchana, mbele ya jamaa. Mkae kama familia siku moja kabla, baba, mama na kijana mwenye simu, mpange njia kwanza na bei baadaye. Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama, na awarudishe kwa jamaa zao salama.