Siku 913 bila bao

Tarehe 27 Februari 2016, Saido Berahino aliifungia West Bromwich Albion bao. Bao lake lililofuata lilikuja tarehe 28 Agosti 2018, akiwa tayari amehamia Stoke City. Zilipita siku 913. Huyu ndiye mshambuliaji aliyekuwa amefunga mabao 20 katika msimu wa 2014/15, kati ya hayo 14 ya Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na umri wa miaka 21.

Alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, mwaka ambao vita viliingia. Baba yake aliuawa mwaka 1997, naye akafika Uingereza akiwa mtoto mkimbizi wa miaka 10. Ukame wa mabao ulipoanza, sababu zilizotajwa ni zile za vijiweni: pesa zimemlevya, starehe, kiburi, uvivu. Yapo yaliyojulikana wazi, kama uhamisho wa kwenda Tottenham uliokwama mwaka 2015 na adhabu ya wiki nane aliyopewa baada ya kupimwa na kukutwa ametumia dawa ya kulevya. Mimi si daktari wake na simpachiki ugonjwa. Ila inaniuma kwamba mchezaji anapoporomoka, watu huchunguza mguu wake, mkataba wake, hata marafiki zake, na swali la afya ya akili huja mwisho kabisa, kama huja.

Sonona ni ugonjwa. Huzuni ya kufungwa fainali hupungua kadiri siku zinavyopita, lakini sonona hukaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, na huondoka na usingizi, hamu ya kula, umakini na ladha ya mambo ambayo mtu aliyapenda. Sasa mtazame mshambuliaji ndani ya kumi na nane. Kazi yake yote ni uamuzi wa nusu sekunde. Akilala kwa saa tatu tu usiku mzima, misuli haijarudi sawa na jicho linachelewa. Akisita, beki ameshafika. Akikosa, anajilaumu, na lawama inamnyima usingizi wa usiku unaofuata. Hivyo sonona hushusha kiwango, na kiwango kikishuka huikoleza sonona.

Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza waogeleaji 50 waliokuwa wakiwania nafasi za kitaifa. Asilimia 68 walikuwa na dalili zilizotosha kuitwa kipindi cha sonona kali ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kilichonishtua zaidi ni kwamba katika ile robo ya juu, ya walio bora kuliko wenzao, sonona ilikuwa nyingi zaidi, na ilihusiana na kushuka kwa matokeo yao. Hesabu ya watu 50 ni ndogo, nakubali. Lakini inavunja dhana kwamba bingwa ni mtu mwenye moyo wa chuma. Bingwa amejenga utu wake wote juu ya saa au bao. Likiyumba hilo, hana pengine pa kusimama.

Wapo pia wanaoshinda huku wanaumia, na hao ndio wagumu kuwatambua. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 katika muda usiofika miezi mitatu. Michezo ya Olimpiki hakuionja kamwe, kwa kuwa Kenya iliisusia mwaka 1976 na tena mwaka 1980. Septemba 1981, pombe ikiwa imeshamkamata, alivunja tena rekodi ya mita 5,000 kule Norway. Nani angemuuliza mwenye rekodi ya dunia kama analala vizuri? Miaka iliyofuata alikuwa Marekani bila makazi, akilala kwenye hifadhi za wasio na nyumba. Pombe mara nyingi hufunika sonona, na ushindi hufunika vyote viwili.

Kuna mtego mwingine ambao makocha wetu wanapaswa kuujua. Mwanariadha aliyezidishiwa mazoezi huonyesha dalili zilezile: uchovu usioisha, hasira, usingizi mbovu, muda unaorudi nyuma. Yeye mapumziko humsaidia. Mwenye sonona ukimwambia apumzike ukaishia hapo, umemfungia chumbani peke yake na mawazo yake. Ndiyo maana kutazama saa hakutoshi; lazima aulizwe, na aulizwe na mtu ambaye hapangi kikosi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imetengeneza maswali ya kuchuja dalili hizo, ambayo daktari wa timu anaweza kuyatumia wakati wowote wa msimu.

Hapa Bujumbura kipo Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Wengi huona haya kuonekana kwenye lango lake, na mchezaji wa timu ya taifa, ambaye sura yake inajulikana mtaa mzima, huona haya zaidi. Hofu nyingine ni ya dawa: kwamba atameza kidonge kisha akutwe na hatia ya kutumia dawa zilizokatazwa michezoni. Dawa za sonona zinazotumika zaidi, fluoxetine ikiwemo, hazimo katika orodha ya zilizopigwa marufuku. Anaweza kuzimeza, akapimwa, na akaendelea kushindana.