Wazazi wakigombania mtoto, kesi ipelekwe wapi?

Sisi walimu wa chama hiki, kesi hizi tunaziona kwanza shuleni. Baba na mama wameachana, na siku moja ndugu za baba wanafika na pikipiki saa ya rekreasio, wanasema wametumwa kumchukua mtoto. Jioni mama anakuta mtoto hayuko. Anakimbilia wapi? Mara nyingi kwa shefu wa kartie, ao kwa polisi. Huko wanaandika karatasi, kila mtu anatia sinyature, mama analipa, anarudi nyumbani akiamini maneno yamekwisha.

Hayajakwisha. Shefu wa kartie anaweza kuketisha watu na kuwapatanisha, nayo ni kazi nzuri. Polisi nao tuwakimbilie ikiwa mtoto amepigwa ao ametendewa mabaya. Lakini kukata nani atalea mtoto ni kazi ya hakimu peke yake. Kama kuna kesi ya talaka, tribinali ya amani, ile watu wanaita Tripaix, ndiyo itasema pia watoto wanabaki na nani. Kama hakuna talaka, hasa kwa wale waliokaa pamoja bila ndoa, mlango ni tribinali ya watoto, iliyowekwa na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Huko kesi inasikilizwa kwa faragha, majirani hawaingii. Tunalisema hilo kwa sababu haya imewazuia wamama wengi.

Wengine wanatuambia tribinali za kiraia zilifungwa tangu serikali ya jeshi ilipowekwa huku kwetu Mei 2021. Sivyo. Kesi za makosa ya jinai ndizo zilizopelekwa kwa hakimu wa jeshi. Kesi za familia zilibaki kwa hakimu wa kiraia.

Kisha kuna desturi. Kwetu Wanande mtoto ni wa ukoo wa baba, na wazee watakumbusha mbuzi za mahari. Utasikia pia: akifika miaka saba, lazima arudi kwa babake. Ao: mahari haikutolewa, basi mtoto hana baba. Kode ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haijui hiyo miaka saba. Inasema kila mtoto wa Kongo anapashwa kuwa na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe alizaliwa ndani ya ndoa ao nje. Hakimu anatazama kwanza faida ya mtoto mwenyewe. Mtoto mwenye akili ya kupambanua naye ana haki ya kusema anavyofikiri.

Wala sheria haisemi mtoto ni wa mama, wapendwa. Kuna wamama wanaopeleka mtoto Kasindi ao Uganda ili baba asimwone tena. Huko ni kujiharibia kesi.

Mbele ya hakimu, karatasi zinasema kuliko machozi. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto anaandikishwa komine bila malipo ndani ya siku 90 tangu azaliwe, iwe Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba hapa Butembo, ao Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori kule Beni. Siku hizo zikipita, inatakiwa hukumu ya tribinali ya watoto. Tunawafikiria hasa wale waliokimbia mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014, waliotoka na nguo ya mwilini tu. Kisha tafuta fishi ya kupimisha mtoto, reseti za dawa, biletini. Shuleni tuna rejista inayoonyesha nani alimwandikisha mtoto. Direkta anaweza kukupa atestasio, mwombe.

Na pesa ya avoka? Sheria ya mwaka 1979 juu ya kazi ya avoka inataka kila baro iwe na biro ya kushauri bure watu wasiojiweza. Uliza grefye wa tribinali namna ya kuipata. Utaombwa karatasi ya kuonyesha huna uwezo. Nenda kaulize kwa Affaires sociales. Asistani sosiali akija kuangalia mtoto analala wapi na anakula nini, mkaribishe, mwonyeshe nyumba ilivyo. Chumba kimoja si aibu. Lakini yule anayekungoja nje ya tribinali akisema anamjua hakimu, mpite tu. Kila pesa unayotoa ndani, omba reseti yake.

Hukumu ikitoka, usiondoke bila kuomba kopi. Ikiwa haikukupendeza, uliza grefye siku hiyo hiyo rufani inafungwa lini, maana siku za rufani ni chache, na karatasi iliyokaa chini ya godoro mwezi mzima haitasaidia tena.