Motokaa ya Kwanza na Njia ya Mahenge

Wiki iliyopita alitujia ofisini ndugu mmoja, kijana wa miaka isiyozidi 30, mfanyakazi wa bandarini Dar es Salaam, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake alikuwa ameandika hesabu ya akiba yake ya miaka 6, pamoja na mkopo alioahidiwa na chama cha kuweka na kukopa cha kazini kwake. Alitaka tumjibu swali moja tu: je, yafaa motokaa yake ya kwanza maishani iwe Land Cruiser?

Twakiri kwamba jambo la kwanza lililotujia lilikuwa kucheka. Twawajua vijana, na twaujua mji. Gari refu lenye vioo vyeusi likifika langoni, bawabu hukimbia kufungua kabla hajajua ni nani aliyemo. Likifika gari dogo, bawabu huyohuyo huja polepole na daftari mkononi. Miaka ya 1960 watu walibuni neno Wabenzi kwa ajili ya wakubwa waliojulikana kwa motokaa zao kuliko kwa kazi zao. Siku hizi watu wa mjini husema shangingi, na jambo ni lile lile. Tulidhani basi kwamba ndugu yetu ameshikwa na homa hiyo.

La hasha. Alitueleza kwamba kwao ni Mahenge, na kwamba mama yake, mjane, angali akiishi huko. Mwaka mmoja wakati wa masika mama huyo alishikwa na ugonjwa wa ghafula, wakakodi motokaa ndogo impeleke hospitali ya Ifakara. Motokaa ikazama katika tope, na mgonjwa akalala ndani yake usiku kucha, mvua ikinyesha, mpaka asubuhi lori lilipopita na kuivuta. Mama alipona. Lakini kijana, aliyekuwa Dar es Salaam akipokea habari hizo kwa simu, aliapa siku ile kwamba motokaa atakayoinunua yeye haitakwama. Baada ya kusikia hayo hatukucheka tena. Tulimvutia kiti, na maneno tuliyozungumza naye twayaandika hapa, kwa kuwa tunaamini wapo wengi wenye karatasi kama ile.

Yafaa kwanza kujua gari la namna hii lilizaliwa kwa kazi gani. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Marekani yalikuja na jeep, gari dogo lililopita matopeni na mchangani. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia jeep moja shambani mwake, akaona kampuni yake yaweza kutengeneza gari la mkulima kwa mfano huo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili, 1948, ikiwa na bodi ya aluminiamu, kwa sababu chuma cha pua kilikuwa haba baada ya vita. Toyota nao walitengeneza gari lao mwaka 1951, na mwaka 1954 wakaliita Land Cruiser. Hakuna hata moja katika hayo lililotengenezwa ili kumpeleka karani kazini. Yalikuwa majembe yenye magurudumu.

Na kwa kazi hiyo sifa zake hazina ubishi. Katika motokaa ya kawaida nguvu ya injini huenda kwa magurudumu mawili tu, na kile chombo mafundi wakiitacho difu huigawa kwa namna ambayo gurudumu moja likikosa kushika chini huzunguka bure, na la pili lililo pakavu hubaki limesimama. Ndiyo maana utaona motokaa nzima imeshindwa kwa sababu ya shimo moja la tope. Gari la magurudumu manne hupeleka nguvu mbele na nyuma pia. Tena lina gia fupi za ziada za kupandia mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwili wake umekaa juu ya fremu ya mihimili miwili ya chuma, kama lori, hata likipigwa na mawe mwaka mzima halilegei upesi. Bwana shamba anayezungukia vijiji vya bondeni, au mwalimu ambaye njia yake ya kila siku huwa mto kila masika, hana haja ya kutuomba ruhusa. Akiweza kulinunua na kulitunza, na alinunue.

Lakini kijana wetu hakai Mahenge. Anakaa Mbezi, na kazi yake iko mjini. Tukachukua karatasi yake tukaandika upande wa pili. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40 kwa siku. Siku 25 za kazi ni kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari alilotajiwa ni la mwaka 1996, lenye injini ya petroli ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.5. Gari la namna hiyo kula lita 18 kwa kilomita 100 si ajabu, na katika foleni ya mjini hula zaidi. Hizo ni lita 180 kwa mwezi. Motokaa ndogo ya injini ya lita 1.3 au 1.5 ingekula kama lita 70. Bei za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, nazo hupanda na kushuka. Tukaweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Gari kubwa shilingi 540,000, motokaa ndogo 210,000. Tofauti ni shilingi 330,000 kila mwezi, yaani shilingi 3,960,000 kwa mwaka, kabla ya kununua hata nati moja. Tena mtu asisahau kwamba mwaka 2017 ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilipofutwa, shilingi 40 za ushuru ziliongezwa katika kila lita, hata mwenye gari linywalo sana akawa ndiye mlipaji mkubwa.

Kijana alituambia kwamba bei ya lile gari kuukuu ilikuwa karibu sawa na ya motokaa ndogo. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Bei ya kununua hulipwa mara moja; bei ya kuwa nalo hulipwa kila unapoamka. Matairi yake ni makubwa, springi na shokapu zake ni nzito, na spea zake zina bei ya gari la tajiri hata kama limenunuliwa na maskini. Sisi tuliosomeshwa na mapadri tulifundishwa mapema habari za mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuketi kuhesabu gharama. Siku hizi minara ya namna hiyo huonekana imeegeshwa chini ya miembe, matairi yakiwa hayana upepo.

Liko jambo jingine ambalo mwanafunzi wa udereva haelezwi vya kutosha. Magurudumu manne husaidia gari kwenda; hayasaidii kusimama. Gari la tani mbili na zaidi, likiwa katika mwendo, lataka nafasi kubwa ya kusimamia, nalo kwa urefu wake hupinduka kwa wepesi kuliko motokaa iliyoinama chini, dereva akivuta usukani kwa ghafula. Mwaka 2000 kule Marekani kampuni ya Firestone ililazimika kurudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa ya magari marefu ya Ford Explorer. Tairi likichanika gari lilipinduka, na vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na ajali hizo. Chombo cha umeme kinachozuia gari lisiyumbe kililazimishwa huko Marekani kwa magari mapya yote madogo kuanzia yale ya mwaka 2012. Gari la mwaka 1996 halinacho. Dereva mwenye leseni ya miezi 3 akaaye juu ya kiti kirefu hujiona salama kuliko alivyo.

Na wasiojua chombo hukiharibu kwa nia njema. Rafiki yetu mmoja alinunua gari la aina ile ambayo dereva mwenyewe huunganisha magurudumu ya mbele kwa mkono. Akaunganisha Dar es Salaam, akaenda hivyo mpaka Morogoro juu ya lami kavu, akidhani anajiongezea usalama. Kumbe juu ya lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana katika kila kona, na chuma ndicho kinacholipa. Alirudi kwa lori, gari likiwa mgongoni mwake.

Kwa wale ambao njia zao zawalazimu, twasema haya machache. Usiangalie rangi, lala chini uangalie fremu. Magari mengi hutoka Japani, na yale ya kaskazini, kama Hokkaido, hupita juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, chumvi ambayo huila fremu polepole chini ya rangi mpya. Gonga kwa nyundo ndogo, usikilize. Angalia ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo, hata likiwa na meno mazuri, si la kubebea watoto. Jaribu zile gia fupi mbele ya muuzaji, maana wengine huuza jina la magurudumu manne ilhali mawili yamekwisha kufa. Na fundi utakayemchukua awe wako, asiwe wa muuzaji.

Tulipomaliza hesabu tulimwuliza ndugu yetu swali moja. Usiku ule mama alipolala njiani, kama ungalikuwa na Land Cruiser, ingalikuwa wapi? Alinyamaza. Ingalikuwa Mbezi, kilomita zinazokaribia 500 kutoka Mahenge. Kivuko cha Mto Kilombero kimekwisha kupata daraja, lakini hata hivyo angefika kesho yake, baada ya lile lori.

Hatukusema hivyo ili kumvunja moyo. Kiapo chake ni cha mwana mwema, na tungependa kitimizwe. Tulimshauri achukue motokaa ndogo iliyo nzima kwa kazi ya mjini, na katika zile shilingi 330,000 atenge fungu la kila mwezi kwa ajili ya mapatano na mtu wa hukohuko Mahenge mwenye gari la magurudumu manne, aitwe saa yoyote mama anapougua. Masika yakikaribia, mama aje Mbezi akae na wajukuu. Alisema mama hapendi Mbezi. Tukamjibu kwamba hilo ni juu yake na mama yake.

Alitaja pia Suzuki Jimny, ya injini ya lita 1.3, nyepesi, yenye fremu na gia fupi kama wakubwa zake. Ni shauri zuri kwa mtu mmoja, ila mgonjwa hawezi kulala ndani yake akanyoosha miguu. Tulimwomba asitie sahihi mkopo mpaka ameandika karatasi ya pili. Ameahidi kutujia Jumatatu, pamoja na fundi wake.