Msaada wa Afya ya Akili kwa Watoto na Vijana, Brussels

Mtoto asiyelala, aliyeacha kula au anayejitenga huenda amebeba mzigo moyoni. Kuusema si aibu. Mageuzi ya huduma nchini Ubelgiji yamekusudia msaada upatikane mapema, kabla maradhi hayajakomaa. Tangu Februari 1, 2024, asiyetimiza miaka 24 halipii vikao kwa mwanasaikolojia mwenye mkataba na bima ya afya ya taifa, kwa idadi iliyowekwa; barua ya daktari haihitajiki. Mjini Brussels, mtandao wa Bru-Stars huunganisha huduma za umri huo. Mwanasaikolojia hufungwa na sheria kutunza siri. Wazazi waombe mkalimani mapema. Mtoto asifanywe mkalimani wa maradhi yake mwenyewe. Maisha yakiwa hatarini, ipigwe simu 112.