Kompyuta Inayochoka Ifikapo Saa Nane

Neno kuvuja tumelizoea. Bomba linavuja, paa linavuja, mtihani unavuja, na siri za kikao zinavuja kabla wajumbe hawajamaliza chai. Wiki hii, ndugu msomaji, naomba tuongeze jambo la tano: kumbukumbu ya kompyuta nayo huvuja. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kinachomwagika. Vitu vinaingia, havitoki, mpaka nafasi inakwisha.

Nilikuwa Kibaigwa, wilayani Kongwa, wakati wa mavuno. Msafiri wa barabara ya Morogoro kwenda Dodoma hawezi kupakosa. Hapo ndipo lilipo soko kubwa la mahindi, malori yanashusha magunia kutoka Kiteto na vijiji vya Kongwa, makuli wanapishana na mizigo mgongoni, na wanunuzi wa Dar es Salaam wanachomeka mikono ndani ya magunia kupima ukavu wa punje. Dalali mmoja wa hapo ana ofisi ndogo, na ndani ya ofisi ana kompyuta yenye skrini aliyoigeuzia dirishani, wakulima waione. Inaonyesha bei za nafaka za masoko mbalimbali. Ukurasa ule haungoji mtu auguse. Tarakimu zinajibadilisha zenyewe kila baada ya sekunde tano.

Akaniambia, "Mzee, mashine hii asubuhi ni kijana, mchana ni kikongwe." Saa mbili asubuhi inakimbia. Ikifika saa nane mchana, ukibofya kitu unaweza kwenda kunywa maji ukarudi. Baadaye inaganda kabisa. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafuta kila kitu, akalipwa. Fundi wa pili alisema kumbukumbu ni ndogo, akamwuzia chipu ya kuongezea, naye akalipwa. Dalali akapata nafuu ya siku moja. Kesho yake asubuhi ugonjwa ukarudi.

Lakini alilolisema mwisho ndilo lililonifanya nikae chini. Zamani, alisema, hakuwa na tabu hii kabisa. Ilianza alipofunga sola na betri, akaacha kutegemea umeme wa gridi peke yake. Kwa hiyo alikuwa anaishuku sola kwamba inaiharibu mashine.

Sola haina kosa. Tena ndiyo iliyoufichua ugonjwa. Wakati ule umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, kompyuta ikizimika, kumbukumbu yake ya kazi inafutika yote, na ikiwashwa inaanza upya ikiwa tupu. Kukatika kwa umeme kulikuwa dawa asiyoijua. Alipopata betri, mashine ikakaa usiku na mchana bila kuzimwa, na uchafu ukapata muda wa kujaa.

Sasa uchafu gani huo? Ichukulie kumbukumbu ya kompyuta kuwa ni uwanja wa soko. Kila kitu ambacho ukurasa unakifanyia kazi kinapewa nafasi uwanjani kama gunia: picha, mstari wa bei, tarakimu. Uwanja una ukubwa wake, na soko linakwenda vizuri alimradi magunia yaliyouzwa yanaondoka kupisha mengine.

Katika programu za zamani, aliyeleta gunia ndiye aliyepaswa kuliondoa kwa mkono wake, na akisahau, limesahauliwa. Mwaka 1960 Mmarekani John McCarthy, katika maandishi yake kuhusu lugha ya kompyuta iitwayo Lisp, alieleza njia nyingine: awepo mfagiaji ndani ya mashine yenyewe. Mfagiaji huyu hupita kila mara, akiondoa kisichotumika. Lugha ya JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape na ambayo leo inaendesha takriban kila ukurasa unaojibadilisha wenyewe, ina mfagiaji wa namna hiyo. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa kurasa huamini usafi si kazi yao.

Lakini mfagiaji hana akili ya kujua kama gunia bado unalihitaji. Anachokijua ni stakabadhi. Anaanzia ofisi ya soko, anafuata karatasi moja hadi nyingine, na gunia lolote analokuta limetajwa kwenye karatasi fulani analiacha. Lisilotajwa popote analiondoa. Basi ikiwa karani mmoja amesahau stakabadhi ya mwaka juzi ndani ya mtoto wa meza, gunia lile litakaa pale uwanjani hata kama mwenyewe alishafariki. Hapo ndipo tunaposema kumbukumbu imevuja.

Turudi kwenye ukurasa wa bei. Tuseme una mistari 60, mmoja kwa kila soko na zao. Mtengenezaji mvivu hakubadilisha tarakimu peke yake. Kila baada ya sekunde tano aliiondoa mistari yote 60 kwenye skrini na kuchora mingine 60 mipya. Mtazamaji haoni tofauti. Ila kila mstari ulifungiwa kitu ambacho watengeneza programu wanakiita msikilizaji (msinielewe vibaya, siyo ninyi mnaonifuata redioni). Huyu ni kijiprogramu kinachokaa kikingoja tukio, kwa mfano mtu abofye mstari au abadilishe ukubwa wa dirisha. Kama msikilizaji amefungwa kwenye mstari wenyewe, mstari ukitupwa naye anatupwa, hakuna shida. Shida ni pale anapofungwa kwenye ukurasa mzima, huku mkononi ameshika stakabadhi ya mstari. Mstari umeshaondolewa machoni, lakini ukurasa upo, msikilizaji yupo, stakabadhi ipo. Mfagiaji anapita, anaona karatasi, anaendelea na safari.

Wapo ndugu zake. Kuna kipima muda kilichoamriwa kuamka kila sekunde kadhaa na hakuna aliyekiamuru kulala. Kuna orodha ya bei zilizopita iliyowekwa kwa ajili ya kuchora mchoro, nayo inaongezewa bei mpya bila kupunguzwa za kale. Yote haya ukiyatazama moja moja ni madogo sana, na kwa sababu ni madogo anayejaribu ukurasa wake kwa dakika kumi ofisini hayaoni.

Tupige hesabu kwa mfano. Sekunde tano kwa sekunde tano ni mara 720 kwa saa. Kila mara ikiachwa mizigo ya kilobaiti 300 tu, ambayo ni pungufu ya picha moja ya simu, kwa saa moja zimejaa megabaiti 216. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana ni saa sita, na jumla inakaribia megabaiti 1,300. Kwa kompyuta ya bei nafuu, ukishatoa sehemu inayotumiwa na mfumo wenyewe, nafasi iliyokuwa imebaki inaweza kuwa ni hiyohiyo. Kuanzia hapo mashine inalazimika kuhamishia vitu kwenye diski, ambayo ni ya polepole, na mfagiaji anakimbia huku na huku akihesabu maelfu ya magunia asiyoruhusiwa kuyagusa. Kile unachokiona kuwa ni uchovu ni hicho. Ukiongeza chipu ya gigabaiti nne, kwa kasi ileile umepata saa 18 hivi. Ndiyo nafuu ya siku moja ya dalali wetu. Uwanja ulipanuliwa, karani hakuguswa.

Huenda mtu akasema hili ni tatizo la wenye kompyuta, mkulima linamhusu nini? Linamhusu sana. Ukurasa ukiganda haufutiki. Bei ya mwisho inabaki pale kwenye kioo, inang'aa, na aliye nje dirishani hana namna ya kujua kwamba ni ya saa tano zilizopita. Mkulima mwenye magunia 40 ya kilo 100 kila moja, bei ikiwa imepanda shilingi 20 tu kwa kilo tangu asubuhi, anaondoka na pungufu ya shilingi 80,000. Sisi tunapiga kelele juu ya lumbesa, na ni haki tupige, kwa kuwa gunia la lumbesa ni wizi unaoonekana kwa macho. Bei iliyoganda haina kishungi juu ya gunia cha kuinyooshea kidole.

Wala si Kibaigwa peke yake. Mwezi Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji la London ilianza kutumia mtambo mpya wa kompyuta wa kupanga magari. Siku mbili za mwanzo zilikuwa vurugu kwa sababu nyingi, wakarudi kutumia nusu kompyuta nusu mikono. Kisha alfajiri ya Novemba 4 mtambo ukazidi kuwa mzito na hatimaye ukasimama kabisa, hata ule wa akiba haukushika kazi, na wapokea simu wakarudi kwenye karatasi. Uchunguzi ulikuta kwamba kila gari lilipopangiwa safari, kipande kidogo cha kumbukumbu kilichukuliwa kwenye seva na hakikurudishwa. Ilichukua wiki tatu kujaa.

Kwa kurasa za intaneti, msiba mkubwa ulikuja miaka ya 2000. Programu ya Internet Explorer toleo la 6, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na wafagiaji wawili wenye daftari tofauti: mmoja wa JavaScript, mwingine wa vitu vinavyoonekana kwenye ukurasa. Huyu wa pili alikuwa akihesabu tu stakabadhi ngapi zinakitaja kitu. Sasa kitu cha upande huu kikimtaja wa upande ule, na wa upande ule akamtaja huyu, kila mfagiaji alisema cha kwangu bado kinadaiwa na mwenzangu. Wakabaki hivyo kama ofisi mbili zinazokurusha huku na huku na faili lako. Hata ukiondoka kwenye ukurasa, magunia yalibaki, mpaka ufunge programu nzima. Na hiyo ndiyo miaka kurasa zilipoanza kujibadilisha bila kufunguliwa upya: Gmail ilikuja mwaka 2004, ramani za Google mwaka 2005. Internet Explorer yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia mwaka 2022, na vivinjari vya leo vinaimudu mizunguko ya aina hiyo. Lakini stakabadhi iliyosahauliwa na mtengenezaji hakuna kivinjari kinachoweza kuitupa, maana hakina namna ya kujua kwamba imesahauliwa.

Dawa zipo na si ghali. Badala ya kuchora upya mistari 60, badili tarakimu iliyobadilika. Badala ya kumweka msikilizaji kwenye kila mstari, weka mmoja getini, kwenye jedwali zima, naye aulize aliyebofya ametokea mstari gani. Kipima muda kikimaliza kazi kiamuriwe kulala. Orodha ya bei za nyuma iwe na kikomo, ikiingia mpya itoke ya kale. Tangu mwaka 2015 JavaScript ina hata namna ya stakabadhi hafifu, iitwayo WeakMap, ambayo inakitaja kitu bila kumzuia mfagiaji. Na kabla ya kukabidhi kazi, mtengenezaji auache ukurasa wazi kutwa nzima, siyo dakika kumi.

Ningeongeza jambo moja ambalo kurasa nyingi za bei hazina: saa inayotembea, yenye sekunde, kando ya bei. Ukurasa ukiganda, saa nayo inaganda, na mkulima hahitaji kusoma kitabu ili ajue kwamba saa iliyosimama saa sita kasoro robo haiwezi kumpa bei ya saa tisa.

Wenye simu nao wasidhani wamepona. Simu nyingi mikononi mwetu zina kumbukumbu ndogo. Kumbukumbu ikibana, Android huua ukurasa uliouacha nyuma ili kupisha ulio mbele. Ukirudi, ukurasa unapakuliwa upya. Bando lako limetumika mara mbili, na ile fomu uliyokuwa umeijaza nusu inaweza kuwa tupu. Mwenye kulaumiwa mara nyingi huwa ni mtandao wa simu, wakati mwingine bila haki.

Kwa anayetaka kuhakikisha mwenyewe kwenye kompyuta ya Windows yenye Chrome: bonyeza kitufe cha Shift pamoja na Esc. Itatokea orodha ya kurasa zilizo wazi na kiasi cha kumbukumbu kinachotumiwa na kila moja. Andika tarakimu ya ule unaoushuku, kisha uiandike tena kila baada ya nusu saa. Ukurasa mzima hupanda na kushuka, kwa kuwa mfagiaji anapita. Ukiona unapanda tu, asubuhi 200, adhuhuri 800, alasiri 1,400, funga ukurasa ule na kuufungua upya kila baada ya saa chache, na karatasi yako ya tarakimu mpelekee aliyeutengeneza. Fundi wa chipu hataweza kukusaidia.